Mjomba ameniachia maboksi 9 ya treni ndogo, na kichwa kimoja kimeshatoa moshi

Shikamoo mshauri,

Mjomba wangu alifariki miezi 4 iliyopita. Katika wosia jina langu limetajwa kwenye kitu kimoja tu: treni zake ndogo za mfano, zile za kuendeshwa mezani kwa umeme. Alizikusanya kwa zaidi ya miaka 40, karibu zote akinunua za mtumba. Zimo kwenye maboksi makubwa 9. Nimehesabu vichwa 34, mabehewa yanayokaribia 120, halafu rundo la reli, swichi, waya na transfoma 5. Baadhi bado zina maboksi yake madogo ya kiwandani, nyingine zimefungwa kwenye magazeti na sponji.

Kaka yangu alitaka kujaribu kichwa kimoja. Aliunganisha vipande viwili vya reli, akafunga waya kwenye transfoma mojawapo, akawasha. Kichwa kilivuma bila kusogea, na baada ya kama nusu dakika kikatoa harufu ya kuungua na moshi kidogo. Je, ndiyo kimekufa? Na vingine navyo ni vibovu?

La pili, kwenye vichwa viwili vya chuma magurudumu yana nyufa, na ukiyagusa yanamong'onyoka kama udongo mkavu. Naogopa yasije yakaambukiza mengine.

La tatu, kuna mnunuzi wa vitu vya zamani aliyekuja, akaangalia kwa dakika 10, akasema anachukua kila kitu kwa bei moja ya jumla, lakini nikubali siku hiyohiyo. Binamu zangu nao wanaona heri tugawane, kila mmoja achukue vichwa kadhaa, na watoto wao wanataka vya kuchezea. Nisafishe kwanza ndipo niuze, au niuze kama zilivyo? Sijui nishike lipi niache lipi.

Mpwa wa Marehemu

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Kabla ya lolote, chomoa transfoma zote 5 ukutani, zifungie waya zake, uziweke pembeni. Usijaribu treni nyingine yoyote wiki hii. Mkusanyiko uliojengwa kwa mtumba kwa miaka 40 hauwi wa aina moja. Ndani ya maboksi hayo huenda mna mifumo mitatu au minne ya umeme isiyoelewana, na kinachoendesha treni moja ndicho kinachounguza nyingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kila kitu ni nini. Usafi, majaribio, bei na mgao vyote vinasubiri hapo.

Kichwa kilichovuma

Maelezo yako yanatosha kuonyesha kosa lilipo. Transfoma nyingi za treni za volti 12 zina jozi mbili za vituo vya kufungia waya. Jozi moja hutoa DC, yaani mkondo mnyoofu, kuanzia 0 hadi volti 12 kadiri unavyozungusha kitasa. Hiyo ndiyo ya reli. Jozi ya pili hutoa AC, mkondo geu, kama volti 15 au 16 muda wote, kitasa kiwe kimefunguliwa au kimefungwa. Hiyo ni ya taa na ya koili za kugeuzia reli za njiapanda. Karibu nina hakika kaka yako alifunga kwenye jozi ya pili. Mota yenye sumaku ya kudumu ikipewa AC husukumwa mbele na nyuma mara 50 au 60 kwa sekunde. Haina pa kwenda, inatetemeka na kuvuma, huku koili zikipata moto mpaka vanishi inayotenganisha nyaya zake inaanza kuungua. Harufu mliyoisikia ni ya vanishi hiyo.

Nusu dakika si lazima iwe imeiua. Fungua kava la juu. Kwa kawaida linashikwa na skrubu moja au mbili, zitafute upande wa chini. Ndani utaona mota, na kwenye ekseli yake pete ndogo ya shaba iliyokatwa vipande 3, wakati mwingine 5, na kaboni mbili zinazoibana kutoka pande mbili. Ingiza kijikaratasi kati ya kila kaboni na shaba ili visigusane. Weka mita ya umeme kwenye omu, kipimo cha ukinzani, kisha pima kipande cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Vipimo vyote vitatu vikilingana, koili ni nzima na kichwa kitaendelea na kazi baada ya kusafishwa. Kimoja kikipishana sana na vingine, koili imeungua, na itabidi ifungwe upya au amecha nzima, yaani sehemu ya mota inayozunguka yenye koili, ibadilishwe.

Ila usiichomoe amecha kutoka kwenye sumaku yake kwa udadisi. Mota za zamani, kama ile X04 ya kiwanda cha Tri-ang iliyojaa kwenye mikusanyiko yenye treni za Kiingereza, zina sumaku inayopoteza nguvu ikiachwa wazi bila chuma cha kuunganisha ncha zake mbili. Ukiirudisha amecha mota itazunguka, lakini itakula umeme mwingi, itapata joto haraka na haitavuta mabehewa kama zamani. Watu hulaumu koili, kumbe sumaku ndiyo imechoka. Na kwenye mota hiyohiyo, springi inayobana kaboni huvalishwa kijibomba cha kuzuia umeme upande mmoja tu. Kikidondoka bila kuonekana, springi inaunganisha kaboni zote mbili, umeme unapita njia ya mkato, na mota haizunguki hata iwe mpya.

Kujua ipi ni ipi

Chukua rula na upime nafasi kati ya nyuso za ndani za reli mbili, ndiyo inayoitwa geji. Ukipata milimita 16.5, hiyo ni saizi inayoitwa OO au H0. Milimita 32 ni O, 12 ni TT, 9 ni N, na 6.5 ni Z, ile ndogo ambayo kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kiliitoa mwaka 1972. Milimita 45 ni geji 1 au treni kubwa za bustanini kama LGB. OO na H0 zinapita reli moja lakini miili yake si sawa: OO ni 1:76, yaani ndogo mara 76 kuliko treni halisi, na H0 ni 1:87. Waingereza waliukuza mwili kwa sababu treni zao halisi ni nyembamba, na mota za enzi hizo hazikuenea ndani ya umbo la 1:87. Ukiweka behewa la H0 nyuma ya kichwa cha OO utaliona limepungua, na hapo ujue hivyo viwili havikutoka pamoja.

Sasa tandika taulo, ukilaze kichwa chali. Kikiwa na ulimi mrefu wa chuma tumboni, karibu kila mara ni cha mfumo wa Märklin: kinatumia AC hadi volti 16, kinachukua umeme kwenye reli ya kati au kwenye vifundo vidogo vilivyopangwa katikati ya mataruma, na kinageuza mwelekeo kwa kupigwa volti 24 kwa kitambo kifupi. Kikiwa cha geji ya O na kina rola tumboni, huenda ni Lionel ya Marekani, reli tatu, AC pia. Lakini usikariri kwamba reli tatu maana yake ni AC. Hornby Dublo, iliyoanza mwaka 1938, ilikuwa ya reli tatu mpaka mwaka 1959 walipoleta ya reli mbili, na miaka yote hiyo ilitumia DC ya volti 12. Utaitambua kwa vijiko vidogo vya kugusia reli ya kati. Magurudumu ya Märklin na ya Dublo ya reli tatu hayana kizuizi cha umeme kati ya kushoto na kulia, kwa hiyo ukiyaweka kwenye reli mbili za kawaida unapiga shoti papo hapo.

Hapa kuna jambo linalowafanya watu watupe vichwa vizima. Lionel nyingi za zamani zina kifaa cha kugeuza mwelekeo kinachofuata mpangilio huu: mbele, wazi, nyuma, wazi. Kikiwa kwenye "wazi", kichwa huvuma tu na hakiendi, na wala hakina ubovu. Kata umeme kidogo, rudisha, nacho kinaondoka. Kwa hiyo kuvuma kwa kichwa cha AC si lazima kuwe habari mbaya. Kuvuma kwa kichwa cha DC ndiko kunakotaka uzime mara moja.

Orodha

Fungua boksi moja kwa wakati, juu ya meza yenye taulo, na usifungue la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Kila kitu kipe namba, uiandike kwa penseli kwenye kikadi kilichofungwa na uzi wa pamba. Usibandike stika, gundi yake inang'oa rangi ya miaka 60. Kwenye daftari andika jina la kiwanda, namba iliyo chini ya kichwa au kwenye ubavu wa boksi, rangi, namba ya treni iliyochapwa ubavuni, geji, kilichovunjika au kukosekana, na kama boksi lake lipo. Piga picha pande zote mbili, mbele, nyuma, tumboni, na ile lebo ya mwisho wa boksi. Kichwa kimoja kikichukua dakika 5, vichwa 34 havifiki saa 3. Mabehewa yanakwenda haraka zaidi.

Boksi la kiwandani lishike kama unavyoshika treni yenyewe. Kwa treni ambayo viwanda viliitoa kwa wingi, boksi lenye lebo sahihi linaweza kupandisha bei kuliko ukarabati wowote utakaoufanya. Boksi lililochanika usilibandike selotepu wala usilifunge kwa mpira. Mpira huyeyuka ukaacha mstari wa kahawia usiotoka. Tazama pia chini ya karatasi za ndani ya boksi. Huko ndiko hukaa vifuko vya taa, ndoano za kuungia mabehewa, mikono ya ngazi na karatasi ya maelekezo, vitu ambavyo mrithi mwenye haraka huvitupa pamoja na takataka. Kichwa cha mvuke chenye behewa lake la makaa kiandike kwa namba moja, na hilo behewa la makaa lisitenganishwe nacho hata siku moja. Behewa la makaa pekee yake ni la kuuziwa mtu anayelitafuta, na kichwa bila hilo behewa ni nusu ya treni.

Transfoma

Soma bamba la nyuma. Likisema 110 au 120 na umeme wako ni 220 hadi 240, ukichomeka tu imeungua. Halafu ukunje waya wake polepole karibu na plagi na pale unapoingia kwenye kava. Waya wa zamani wa mpira hukakamaa, ukiukunja unapasuka na kuonyesha shaba. Transfoma yenye kava la chuma na waya wa namna hiyo inaweza kumuua mtu, na hakuna thamani ya kumbukumbu inayolipa hilo. Baadhi ya transfoma za zamani zina pia rektifaya ya seleniamu, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC, ambayo ikiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu kali ya uozo. Ukiisikia, toka chumbani, fungua madirisha.

Ushauri wangu hapa hauna masharti: usitumie hata moja kati ya hizo 5. Nunua kidhibiti kipya cha DC, volti 12, amperi 1, chenye kujikata chenyewe shoti ikitokea. Zile za zamani ukitaka kuziuza pamoja na treni zake, kata plagi na uandike wazi kwamba ni za maonyesho.

Kujaribu bila kuunguza

Kwa vichwa vya DC tumia betri ndogo ya mraba ya volti 9 na waya mbili zenye vibanio. Betri hiyo haina uwezo wa kusukuma umeme mwingi, kwa hiyo hata mota ikiwa imekwama huna muda wa kuiunguza ukiachia mapema. Gusisha waya mmoja kwenye gurudumu la kushoto na mwingine la kulia, kwa sekunde 2 tu. Ikizunguka, vizuri. Ikikaa kimya, jaribu magurudumu mengine, kwani kwenye vichwa vingi si yote yanayochukua umeme. Usiendelee kubonyeza ukitumaini itaamka.

Usikisukume kichwa mezani kama gari la mtoto ili "kukilainisha". Vichwa vingi vina gia ya skrubu, na gia hiyo mota huweza kuzungusha magurudumu lakini magurudumu hayawezi kuzungusha mota. Ukilazimisha, meno ya gia yanakatika. Zungusha kwenye ekseli ya mota kwa kidole. Ikiwa imekaza kabisa, sababu mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi ya rangi ya asali. Yaondoe kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili, subiri, rudia.

Treni za kufunguliwa kwa ufunguo wa springi, kama Hornby za O zilizoanza mwaka 1920, zizungushe ufunguo mara 3 au 4 tu, usifike mwisho. Springi iliyokaa miaka bila kufunguka hukatika ghafla na kuumiza vidole. Na mkikuta kichwa cha mvuke wa kweli, chenye boila ya maji na burna, kisiwashwe na yeyote kabla boila haijapimwa na fundi wa boila.

Usafi: kidogo, na si kabla ya kujua

Ukiuza, usisafishe zaidi ya kupangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Wakusanyaji hulipia rangi ya asili iliyochakaa kuliko rangi mpya iliyopakwa juzi, na alama za kusugua hazifutiki. Mwili wa plastiki wenye uchafu unaweza kuutoa kwenye chasi na kuupangusa kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ukikwepa maandishi na nembo. Alkoholi isiguse maandishi yaliyochapwa, inayatoa mara moja. Bati lililochapwa rangi usililoweshe kabisa, maji hupenya kwenye mikunjo na kutu inaanzia ndani.

Mota ndiyo inayostahili kazi. Pangusa ile pete ya shaba kwa alkoholi mpaka pamba itoke safi, kisha pitisha kijiti cha meno kwenye kila mwanya kati ya vipande. Unga wa kaboni ukijaa humo, vipande vinaungana na mota inapoteza nguvu. Mafuta ni tone moja linaloning'inia kwenye ncha ya sindano, kwenye kila bearingi ya mota, na tone jingine kwenye ekseli. Yakizidi yanaruka kwenye shaba, yanachanganyika na kaboni kuwa uji mweusi, na kazi inaanza upya. Usipulizie dawa ya kulegeza kutu. Inaingia kila mahali na inaweza kulainisha plastiki. Vipete vya mpira kwenye magurudumu ya kuvutia vikiwa vimekakamaa au vimenata, vikwangue na uweke vipya vya kipenyo kilekile. Reli zisafishe kwa kifutio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa msasa, maana kila mkwaruzo wa msasa unageuka mfereji wa uchafu.

Na zile swichi za njiapanda: koili yake inataka umeme kwa chini ya sekunde 1. Ukishikilia kitufe, inaungua.

Magurudumu yanayomong'onyoka

Huo ndio ugonjwa wa zinki. Sehemu hizo zilimiminwa kwa aloi ya zinki, na pale kiwandani aloi ikachanganyika na uchafu, hasa risasi, ile metali nzito laini. Kiasi kidogo tu kinatosha. Kwa miaka mingi, unyevu ukisaidia, metali inaoza kwenye mipaka ya chembe zake, inavimba, inapasuka kama tope lililokauka, mwisho inasambaratika. Imeenea zaidi kwenye treni za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini haikuishia hapo.

Ondoa hofu ya kuambukiza: hauambukizi. Kasoro ilizaliwa na kipande chenyewe. Kwa upande mwingine hauna tiba, na gundi au rangi havisaidii kitu. Unachoweza ni kupunguza unyevu ili uende polepole, na kubadilisha kipande. Kwa aina zinazojulikana, magurudumu mapya yanatengenezwa mpaka leo, hivyo vichwa vyako viwili huenda vikaokoka. Hifadhi vipande vilivyovunjika kwa ajili ya kupimia kipenyo na tundu la ekseli. La haraka ni hili: chunguza chasi. Ikiwa imejipinda kama ndizi au imebana ndani ya mwili, itoe sasa hivi, kwa sababu ikiendelea kuvimba itaupasua mwili, na mwili ndio wenye thamani.

Unga mweupe kwenye zinki ni kutu yake tu, lakini kwenye vinyago na vifaa vya risasi unga wa namna hiyo ni sumu. Usiupulize. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kitupe, na nawa mikono. Bati la zamani nalo mara nyingi limepakwa rangi yenye risasi.

Mnunuzi wa siku hiyohiyo

Kwa kawaida mnunuzi ndiye anayeogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa muuzaji ndiye hajui kilicho ndani ya gunia lake, na mtu aliyechungulia kwa dakika 10 anajua zaidi yako. Huenda si mbaya. Mfanyabiashara lazima aache nafasi ya faida, kodi na vitu ambavyo havitauzika, hivyo ofa ya nusu ya bei ya mwisho au pungufu ni ya kawaida. Lakini sharti la "leo" halina sababu yoyote ya upande wako. Mwambie orodha inaandaliwa. Na usimruhusu mtu yeyote, hata jamaa, "achague viwili vitatu tu" mapema. Vichwa viwili vitatu vikitoka, vinavyobaki vinaweza kuwa vya bei ya chuma chakavu.

Ukitafuta bei, tazama zilizolipwa, si zilizotangazwa. Kwenye mitandao ya minada kuna sehemu ya kuchuja vilivyokwisha kuuzwa; linganisha namba ya kiwanda, hali, na kama boksi lilikuwepo. Jiandae pia kwa jibu baridi. Seti za plastiki za miaka ya 1970 hadi 1990 zilitolewa nyingi mno, na nyingi yake haina bei ya kutisha. Vya thamani huwa vichache, na orodha ndiyo itakayovionyesha.

Vichwa vyenye maboksi viuze kimoja kimoja. Mabehewa ya kawaida yafungashe kwa mafungu ya 5 hadi 10 ya kiwanda kimoja. Reli ziuze kwa mkupuo. Ukienda kwenye nyumba ya mnada, chagua inayofanya minada ya treni na vitu vya kuchezea vya zamani, na uulize kwa maandishi: kamisheni ni asilimia ngapi, kuna ada ya picha na bima, bei ya chini inawekwaje, na kisipouzika unadaiwa nini. Kile kichwa kilichotoa moshi kiandike hivyohivyo kilivyo.

Binamu na watoto

Kugawa vichwa kimoja kimoja ndiyo njia ya hakika ya kuua mkusanyiko. Kichwa kinakwenda kwa huyu, behewa lake la makaa kwa yule, boksi linabaki kwako. Wosia umekutaja wewe, kwa hiyo hiari ni yako. Ukitaka kuwapa, toa treni kamili: kichwa, mabehewa yake, maboksi na karatasi. La sivyo uza, ugawe fedha. Kwa njia yoyote, orodha isomwe mbele yao na kila mmoja apate nakala kabla kitu hakijatoka nyumbani.

Utakavyobaki navyo, viondoe kwenye sponji leo. Sponji ya zamani inaoza, inageuka nta na kuganda kwenye rangi. Funga kwa karatasi laini isiyo na asidi. Magazeti hayafai, wino wake unahama. Waya laini za plastiki zisilale juu ya miili ya plastiki, zinaiyeyusha taratibu. Weka mahali penye joto la kawaida la chumba na unyevu wa karibu asilimia 50, si darini wala sakafuni, na ndani ya kila boksi kubwa weka vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Vinyago vya risasi visikae kwenye kabati la mwaloni, asidi ya mbao hiyo inavila.

Watoto watengenezee seti yao. Chagua kichwa cha plastiki cha volti 12 kisicho na boksi, ambacho kimefaulu mtihani wa betri, mabehewa 3, na reli za kutosha duara moja. Lisiwemo bati la rangi ya zamani hata kipande kimoja, na wenye umri wa kutia vitu mdomoni wasubiri kwanza. Wape na kile kidhibiti kipya, na umwonyeshe mkubwa wao maandishi ya 12V DC yaliyo juu ya vituo kabla hajafunga waya wa kwanza. Kaka yako naye asimame hapo aone.